Mtutu na Kisu

Mdomo wa Kibwana ndio uliomponza, tena mbele ya watu, siku ya posa ya binti yake.

Wageni walitoka Kibuyuni wakaja mpaka Msambweni, kanzu zimepigwa pasi, tambuu zimefungwa vizuri. Mambo yote yalikwenda sawa. Binti mwenyewe, Mwanatumu, aliulizwa, akakubali. Siku ya arusi ikatajwa, kahawa ikanywewa. Ndipo Mzee Waziri, baba wa bwana arusi, alipofuta midomo yake na kusema kwamba yeye hana masharti mengi, ana ombi moja tu.

"Sisi watu wa Kibuyuni tunakula samaki asubuhi, mchana na jioni," alisema. "Mtoto akilia tunampa samaki. Siku ya arusi, tafadhalini sana, msitupe samaki."

"Mtakula pofu," Kibwana akajibu papo hapo.

Mishi, mkewe, alikuwa nyuma ya pazia. Alikohoa. Hakikuwa kikohozi cha ugonjwa.

Pofu ni mnyama mkubwa kuliko fahali, mwenye pembe zilizosokotwa na nyama laini yenye mafuta. Msambweni hayuko. Yuko huko nyika, nyuma ya Lungalunga, mtu atembee mpaka viatu vimkatae. Waziri alijua hayo. Akainua macho ukutani, mahali lilipotundikwa gobori la Kibwana.

"Kwa mchi huo?" akauliza.

Watu walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Gobori lenyewe Kibwana alilirithi kwa baba yake. Zamani lilikuwa refu kama magobori mengine, lakini siku moja lilipasuka mdomoni, fundi akalikata sehemu iliyoharibika, na kilichobaki kilikuwa kifupi kama mchi wa kutwangia. Mwenye nalo ilimbidi amsogelee mnyama mpaka asikie anavyotafuna. Kibwana alikuwa ameua paa na kulungu wengi kwa namna hiyo, na nyama walikula hao hao waliokuwa wakimcheka.

"Si kwa mchi," alisema. "Ninapata bunduki. Bunduki ya kweli."

Hapo hakusema uongo. Ulikuwa mwaka wa pili tangu bendera yetu ipandishwe, na Wazungu wengi wa pwani walikuwa wakifunga mizigo. Bibi Hannah wa Galu, mjane aliyekaa huko tangu nywele zake zikiwa nyeusi, naye alikuwa anaondoka. Kibwana ndiye aliyemsimamia shamba lake la minazi miaka yote, na Bibi Hannah alimwahidi bunduki moja kati ya mbili za marehemu mumewe. Polisi walikwisha kukubali, na kibali cha kuwinda alikwisha kukipata: pofu wawili, si zaidi.

Wageni walipoondoka, Mishi alitoka nyuma ya pazia.

"Baba Mwanatumu, hukuweza kusema mbuzi?"

"Mbuzi kila mtu anachinja."

"Ndiyo maana kila mtu ana amani."

Lakini maji alikwisha kuyavulia nguo. Asubuhi yake alipanda baiskeli, akaenda Galu. Alifuatana na Rai, mtani wake, Mduruma wa Mwereni aliyekuwa amekuja kubadilisha mbuzi kwa nazi. Hao wawili walijuana tangu ujana, na katika muda wote huo hakuna aliyewahi kumwambia mwenziwe neno zuri hadharani. Rai alikuwa hodari wa kufuata nyayo. Si Mwislamu, wala hakujisumbua na dini yoyote, ila makaburi ya wazee wake aliyaheshimu.

Bibi Hannah aliziweka bunduki zote mbili juu ya meza barazani.

"Ni ndugu hizi," alisema. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha wengi waliokuja pwani juzi. "Fundi mmoja, risasi moja. Tofauti ni mtutu. Ukiisimamisha hii inakufika kifuani. Hii nyingine kiunoni."

"Tofauti yake ni nini, bibi?"

"Ndefu inapiga mbali. Risasi inatoka kwa kasi zaidi, na mkono unatulia. Fupi ni nyepesi, inapita vichakani, lakini inarusha mkono na inapiga kelele mbaya. Mume wangu aliitengenezesha uzeeni, macho yalipopungua, akawa hawezi tena kupiga mbali. Chagua moja. Itakayobaki inarudi serikalini siku ninayopanda meli."

Kibwana aliishika ile fupi kidogo tu, kama mtu anayepokea mtoto wa jirani mwenye mafua. Moyoni alimwona Waziri akiangalia ukutani. Alivisikia vile vicheko. Akaiweka chini, akaichukua ndefu. Mtutu wake ulikuwa mweusi, umenyooka, hauna mwisho.

"Mtani, unasemaje?" alimwuliza Rai.

"Kwetu Mwereni ni weupe, mbuga tupu, mtu anamwona pofu toka asubuhi mpaka adhuhuri," Rai alijibu. "Chukua ndefu. Na ukiikosa nyama, utavulia papa."

Bibi Hannah alivuta kalamu. Aliandika jina la Kibwana kwenye karatasi za polisi, akampa na risasi.

Basi wakaenda nyika. Siku ya kwanza hawakuona kitu ila punda milia. Siku iliyofuata, jua halijawa kali, Rai alipiga magoti, akagusa kinyesi kwa kidole, kisha akaonyesha mbele kwa kidevu. Ng'ambo ya korongo, mbali kama kutoka msikitini mpaka sokoni, alisimama pofu dume peke yake. Shingo yake ilikuwa nene kama gunia.

Kwa gobori Kibwana angeng'oa majani akayatafuna kwa hasira. Sasa alilala kifudifudi, akaegemeza ule mtutu juu ya jiwe, akasema bismillahi, akafyatua. Mlio ulikuwa safi. Pofu alipiga hatua kidogo kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, akaanguka.

"Loo!" Rai alisema. Hilo lilikuwa karibu na sifa.

"Umeona? Umeona mtutu?" Kibwana alisimama akicheka. Kisha kicheko kilimkatika. Mkono wake ulikwenda kiunoni, kwenye kisu.

Hapo ndipo alipoelewa alichokuwa amechagua. Kwa lile gobori fupi, mnyama alianguka miguuni pako. Ulikuwa unaruka tu na kisu, unamchinja angali anahema, na nyama ni halali. Miaka yote hiyo hakuwahi kufikiria mwendo ulio kati ya risasi na kisu, kwa sababu haukuwapo. Sasa ulikuwapo, na ndani yake mlikuwa na korongo.

Alikimbia. Alitelemka korongo kwa matako, akapanda upande wa pili kwa kucha, miba ikamvua kofia, kikoi nacho akakishikilia kwa mkono mmoja. Alipofika, pofu alikuwa amelala kimya, jicho wazi, na nzi ametua juu ya jicho lenyewe. Halikupepesa.

Kibudu. Amekufa bila kuchinjwa.

Rai alifika nyuma yake akitembea, hana haraka.

"Kata," alisema. "Damu bado ina moto."

"Amekufa."

"Naona kwamba amekufa. Kata. Si ulisema bismillahi ulipopiga?"

"Bismillahi ya risasi haichinji. Ndivyo tulivyosomeshwa sisi."

"Nani atajua?"

Kibwana alimtazama pofu, akautazama na mlima wa nyama ile. Arusi nzima ilikuwa imelala pale, na wali wake. Alimwona Waziri akitia tonge kinywani, ameridhika, hajui analolila.

"Nitajua mimi," alisema. "Na wewe utajua, na mdomo wako hauna mlango. Mchukue. Ni wako."

Rai alijaribu kuonyesha huzuni. Alijaribu kweli. Lakini uso wake haukumtii.

Jioni ile Mwereni kulikuwa na sherehe. Nyumba zote za jirani zilikuja na vyungu. Kibwana alikaa kwenye kigoda katikati ya shangwe hiyo, mbele yake sima na kunde, huku kila mtu akimpa mkono na kumwombea maisha marefu. Mbeyu, mke wa Rai, mama mkubwa wa umbo na wa sauti, alikuja akamwongezea kunde.

"Shemeji, pole. Lakini ile bunduki yako, kwa kweli ni nzuri. Usiibadilishe."

"Ahsante, shemeji."

"Njoo nayo hata kesho."

Kesho yake walikwenda tena, lakini si kwenye weupe. Kibwana alikuwa amekwisha kupiga hesabu yake usiku: kama umbali ndio adui, basi atasogea karibu, na mahali pa kumvizia pofu karibu ni vichakani penye maji. Wakaingia vichakani. Hapo ule mtutu mrefu ukaanza mambo yake. Akigeuka kulia, unagonga mti ulio kushoto. Akiinama, unanasa kwenye mmea unaotambaa. Mara moja waliwafikia pofu karibu kabisa, harufu yao inasikika, Kibwana akainua bunduki polepole, mdomo wa mtutu ukatikisa tawi kavu, na tawi likawaangukia. Pofu hawakungoja maelezo.

"Umekuja kuwinda au kuangua nazi?" Rai alimwuliza, akijitoa majani kichwani.

"Nyamaza."

"Mimi sina shida. Turudi weupeni, upige kule mbali. Mbeyu amekwisha kuosha vyungu."

Kibwana alikaa juu ya kisiki. Pofu mmoja tu alibaki kwenye kibali, na arusi ilikuwa Ijumaa ijayo. Akimpiga wa mwisho kutoka mbali, Mwereni itashiba tena na Kibuyuni watapewa samaki. Watu watasema Kibwana aliahidi pofu, akawalisha Waduruma. Hilo lingesemwa mpaka wajukuu wa Mwanatumu wazeeke. Akasimama.

"Tunakwenda Galu," alisema.

Nyumba ya Bibi Hannah ilikuwa tupu, masanduku yamepangwa barazani, mwenyewe ameketi juu ya mojawapo akinywa chai. Kibwana aliamkia, kisha akasema bila kuzunguka. "Bibi, nimekosea kuchagua. Naomba ile fupi, kama bado ipo."

"Ipo. Ndefu ina kasoro gani? Haipigi sawa?"

"Inapiga sawa mno. Inaua."

Bibi Hannah alishusha kikombe. Kibwana alimweleza yote: korongo, nzi, kisu, kunde za Mbeyu. Alipofika kwenye kunde, yule mama alianza kutikisika mabega, na alipofika kwenye tawi alikuwa akifuta machozi.

"Mume wangu na rafiki zake," alisema alipopata pumzi, "walikaa hapa barazani miaka mingi, wakigombania urefu wa mtutu mpaka chupa zinakwisha. Kasi, uzito, kelele, upepo. Mmoja alimkasirikia mwenziwe asirudi tena. Hakuna hata mmoja aliyetaja kisu."

"Wao walikuwa hawachinji, bibi."

"Hawakuchinja, kweli." Aliinuka, akaileta ile fupi. "Sikiliza basi. Hii fupi, kwa mbali usiijaribu, utakosa. Na ukipiga, jiandae. Italia kama radi ndani ya debe."

"Na ilie."

Walikwenda wote watatu kituoni, askari akafuta namba moja na kuandika nyingine, akilalamika kwamba watu hawajui wanachotaka. Kibwana alijua sasa anachotaka. Alitoka pale na bunduki iliyomfika kiunoni, na hakujali ni nani anayemtazama.

Jumatano walikuwa kwenye vichaka vile vile. Ile fupi ilipita kila mahali mwili wa Kibwana ulipopita, kama mkono wake mwingine. Walitambaa upande wa chini wa upepo mpaka kwenye dimbwi, na hapo, kupitia mwanya wa majani, waliona kwanza mkia, kisha mgongo wa kijivu, kisha pofu dume mzima, anakunywa. Kibwana alikuwa karibu kiasi cha kuona matone yakidondoka kwenye kidevu chake.

Hakuelekeza moyoni. Alielekeza juu ya bega, uti wa mgongo unapopita, mahali ambapo mnyama huanguka papo hapo lakini roho inachelewa. Akafyatua.

Bibi Hannah hakuwa ametia chumvi. Bunduki ilimpiga Kibwana begani kama teke la punda, na dunia yote ikawa kimya, ikabaki kengele moja ndefu masikioni. Hakungoja. Aliitupa bunduki kwa Rai, akaruka mara mbili na kisu mkononi. Pofu alikuwa chini, anahema kwa nguvu, macho yanatembea. Rai alifika, akazishika pembe kwa mikono miwili na kukigeuza kichwa. Kibwana alitamka, akachinja. Damu iliruka ikamlowesha mpaka kifuani, na miguu ya pofu ilipiga ardhi, ikapiga tena, ikatulia.

Alikaa chini. Ndipo shaka ilipomwingia. Midomo yake aliihisi ikienda, lakini sauti yake hakuisikia. Hakusikia kitu. Je, alilitamka jina la Mungu, au midomo ilicheza tu kwa hofu?

"Nilisema?" alimpigia Rai kelele.

Rai alijibu kitu. Kibwana alionyesha masikio yake, akatikisa kichwa.

Mwereni ilikuwa karibu, na Mbeyu alikuwa na vyungu safi. Neno moja tu la Rai, kutikisa kichwa tu, na nyama yote ile ingekwenda kule kule ilikokwenda ya kwanza. Rai mwenyewe alilijua hilo. Alimtazama pofu kwa muda, hasa sehemu ya paja. Akameza mate. Kisha alimsogelea Kibwana, akaweka mdomo kwenye sikio lake, akapiga kelele.

"Ulisema! Ndege wote waliruka! Ulisema mara mbili, na ya tatu ukanitukana nishike pembe vizuri!"

"Sawasawa?"

"Sawasawa! Mungu anisamehe, ulisema!"

Siku ya Ijumaa, baada ya sala, arusi ilijaa. Harufu ya pilau ilifika barabarani. Rai alikuja na Mbeyu, amevaa shati jipya, akawekwa na wanaume. Masinia yakaletwa, nyama imelala juu ya wali vipande vikubwa, watu wakanawa mikono. Ndipo Mzee Waziri alipouweka mkono wake kwenye ukingo wa sinia, asiuingize.

"Bwana Kibwana," alisema, "nyama naiona, na nakupa heko. Lakini mnyama wa bunduki ana maswali yake. Ulimkuta hai?"

Mikono yote ilisimama. Nyuma ya pazia hata vijiko vilinyamaza. Kibwana alikuwa bado anasikia kwa sikio moja tu, lakini swali hilo alilisikia vizuri.

"Nilimkuta hai. Nilimchinja kwa mkono huu, anahema."

"Alikuwapo nani?"

"Mimi hapa," Rai alisema, akasimama.

Minong'ono ikapita. Mzee mmoja aliuliza kama huyu si yule Mduruma wa mbuzi, na dini yake ni ipi.

"Dini yangu mniachie mimi," Rai alisema. "Ninyi nisikilizeni tumbo langu. Pofu wa kwanza alikufa kabla ya kisu, na huyu bwana angeweza kukata shingo akanyamaza, kwa kuwa tulikuwa wawili tu. Hakukata. Alitupa sisi, tukala, yeye akala kunde. Muulizeni mke wangu. Huyu wa pili mimi ndiye niliyeshika pembe, na wallahi, nilikuwa naomba afe. Nilimwambia kwa moyo: kufa, ndugu yangu, kufa upesi. Akakataa! Alihema mpaka kisu kikamfika. Nimekosa mnyama mzima, wazee, nimekuja hapa kula kipande. Mnataka ushahidi gani zaidi?"

Kilichofuata si kicheko tu. Wengine walijipiga mapaja, na yule mzee aliyeuliza habari za dini alishikwa na kwikwi, akapewa maji. Waziri alicheka taratibu kwanza, halafu mabega yote.

"Mtu anayetoa ushahidi dhidi ya tumbo lake mwenyewe," alisema, "huyo mimi namwamini."

Akakunja mkono wa kanzu, akasema bismillahi kwa sauti ya kumfikia kila mtu, akachukua kipande kilichokuwa karibu na mfupa. Alitafuna akiwa amefumba macho. Mikono mingine ilikwisha kuingia.

Wali ulikwisha kabla ya nyama, ikambidi Mishi asonge sima katikati ya arusi, jambo ambalo halijapata kuonekana Msambweni, naye alilalamika huku akicheka. Mbeyu alikuja kumsaidia, kwa sababu mwiko ulikuwa mkubwa, na kwa sababu jikoni ndiko kulikokuwa na maini.